Madam wa Kemia na Maji Yasiyoacha Doa

Ukitaka ushahidi kwamba Madam wa Kemia aliwahi kufundisha shule yetu, usisumbuke kuuliza ofisini. Nenda maabara jioni, jua likianza kuingia kwa ubavu, utazame vioo vya madirisha. Ni vile vioo vya luva, vinavyolala bapa ukivifungua, na vyote vina miduara myeupe. Midogo, mikubwa, mingine imepandana kama imekosa mahali pa kukaa. Mkuu wa shule aliwahi kuagiza isuguliwe. Tulisugua kwa gazeti, tukasugua kwa majivu, tukasugua kwa manung'uniko. Iliyogoma kutoka ndiyo Madam mwenyewe.

Kila mduara ulikuwa tone la maji. Yule mama hakuweza kupita karibu na maji bila kuyashuku. Ya bomba, ya kisima, ya chupa iliyofungwa vizuri kabisa kiwandani, hata ya birika la chai ya walimu. Alichovya kijiti cha kioo, akadondosha tone juu ya luva, akasimama pembeni mikono nyuma kama mgambo anayesubiri mtuhumiwa ajichanganye. Upepo wa Dodoma haubembelezi mtu. Punde tone limekauka, na pale lilipokuwa pamebaki duara jeupe.

"Umeona?" anakuuliza. "Chumvi hiyo. Unainywa kila siku na bado unajiona mtamu."

Mimi nilidhani ni ugonjwa. Siku moja nikamwigiza darasani: nikadondosha mate kwenye dawati la jirani, nikasimama pembeni mikono nyuma, nikakunja uso. Darasa likaanguka kwa kicheko, halafu likanyamaza ghafla, ule ukimya ambao kila mchekeshaji anaujua. Madam alikuwa mlangoni. Hakunichapa, hakunitoa nje. Alisogea, akayatazama yale mate kwa makini kama sampuli yoyote, akasema, "Kausha kwanza, halafu uongee." Kisha akaanza kufundisha.

Kuanzia hapo nikawa na sentensi yangu binafsi. Nikinyoosha mkono, "Kausha kwanza." Nikifungua mdomo kwenye paredi, "Kausha kwanza." Wenzangu walidhani naonewa. Mimi nilikuwa nahesabu kwamba kati ya wanafunzi wote wa shule ile, mwenye sentensi yake ni mimi peke yangu. Ndivyo nilivyokuwa na njaa. Nilitaka yule mwalimu anitazame mimi, basi, na yote nitakayosimulia hapa yanatoka kwenye hilo tumbo tupu.

Aliyekuwa akitazamwa hakuwa hata mtu. Ulikuwa unga mweusi.

Madam alitufundisha sisi mchana, na yeye mwenyewe alikuwa anasoma shahada nyingine chuo kikuu. Utafiti wake ulikuwa juu ya betri za lithiamu, hizi zilizomo kwenye simu. Betri ina pande mbili, alitueleza, na upande mmoja unaitwa anodi. Ukichaji, lithiamu inahama inakwenda kulala kwenye anodi. Ukitumia simu, inaamka inarudi kwao. Kwa hiyo anodi ni gesti, nyumba ya kulala wageni. Gesti nyingi duniani zimejengwa kwa grafaiti, ile nyeusi ya ndani ya penseli. Yeye alitaka kujenga ya kwake kwa maganda ya karanga.

"Maganda ya nini?" mama yangu aliniuliza nilipofikisha habari nyumbani.

"Ya karanga, mama."

"Huyo mwalimu wenu mzima?"

Mama anauza karanga na mtama sokoni Majengo. Maganda alikuwa anawapa wachoma matofali, wanakuja wanayazoa, wanashukuru, wanaondoka. Tangu nilipokuwa kidato cha pili, wachoma matofali wakaachiwa nusu, nusu nyingine nikawa naibeba mimi kila Jumatatu, kiroba begani, kofia ya vumbi kichwani. Bodaboda walikuwa wananiita Mzee wa Takataka. Nilivumilia, kwa sababu nikifika maabara Madam alikuwa anafungua kiroba, anaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, anayanusa maganda ya mama yangu kama mtu ananusa pilau. Halafu anasema, "Haya ni makavu. Mshukuru mama." Kisha anayabeba na kuondoka nayo. Mimi nimebaki na kiroba.

Maganda yalichomwa ndani ya kopo la maziwa lililofungwa hewa isipite, yakatoka meusi. Yakasagwa mpaka yakawa unga. Unga ukalowekwa kwenye asidi hafifu ili madini yaliyomo yayeyuke. Halafu ndipo ulipoanza ule wazimu: kuosha. Osha, chuja, osha, chuja, mpaka karatasi ya litmasi ya kupimia asidi inyamaze, na ikinyamaza osha tena. Ukikauka, unapelekwa chuoni, unachomwa upya kwenye tanuru lao, ndipo unaingizwa kwenye betri ndogo kama kitufe cha shati.

"Betri yenyewe si kazi," alikuwa akisema. "Kazi iko kabla ya betri."

Nilimsikia akiuimbia ule unga. Sitanii. Alidhani maabara haina mtu. Aliinama juu ya chujio akaimba wimbo wa kwaya, sauti ya pili, polepole, huku anamimina maji. Sisi hakuwahi kutuimbia hata siku tulipofaulu. Ule unga ulizaliwa sokoni kwetu, chini ya meza ya mama yangu, kwa hesabu zozote ni mdogo wangu wa kunifuata. Na kama kitinda mimba yeyote, ulinyang'anya kila kitu.

Sasa msidhani alikuwa mtu aliyenyooka. Alikuwa amejipinda kila upande. Alipiga marufuku chakula maabara, na mfuko wake wa koti ulikuwa umejaa karanga. Ukimkamata anatafuna, anakuonyesha ganda na kusema, "Naandaa malighafi." Alihubiri usafi kuliko bwana afya, na koti lake jeupe lilikuwa na viganja viwili vyeusi mgongoni, kwa sababu akichoka hushika kiuno. Alisema hapendi utani. Ukimchekesha hacheki, anakohoa. Nilijifunza kutofautisha kikohozi cha vumbi na kikohozi changu. Kuna wiki nilikusanya vitatu, nikawa navisimulia mtaani kama medali.

Na alikuwa anaogopa radi.

Hili lilikuwa tatizo, kwa kuwa hakuna binadamu aliyeipenda mvua kuliko yeye. Mzigo wake wa kwanza wa unga aliuosha kwa maji ya bomba, ya kwetu haya yanayoacha ukoko kwenye kila birika la Dodoma, na betri zake zilichoka mapema. Ndipo alipoanza kudondosha matone kwenye luva. Maji ya betri yanayouzwa dukani aliyapima, yakaacha duara. Chuoni walikuwa na mashine ya kusafisha maji, lakini ina foleni, na kila lita inaombwa, na Madam alikuwa tayari kumwomba mtu yeyote takataka zake ila si kitu chake kizuri. Maji pekee yaliyokauka juu ya kioo bila kuacha kitu yalikuwa ya mvua. Akanunua simtanki, tangi kubwa la plastiki, akaliweka nyuma ya maabara, akaunganisha bomba kutoka kwenye paa, akalifunga kwa kufuli kubwa kama la geti.

Nakumbuka mvua ya kwanza baada ya simtanki hilo. Alikuwa anaandika ubaoni. Bati likapigwa tone moja, la pili. Akaacha neno katikati, akatoka mbio, na sisi nyuma yake kama kuku waliofunguliwa. Radi ikipiga, anaziba masikio kwa viganja na kuendelea kutuelekeza kwa viwiko. "Beseni kule! Wewe Redio, ndoo!"

Redio ni mimi. Jina alinipa Nyemo, na hapa inabidi nimweleze Nyemo ingawa sipendi.

Nyemo alitoka kijijini Mvumi, akaja kukaa kwa mama yake mkubwa karibu na shule. Anaongea kidogo sana, utadhani maneno ananunua. Nilimwita Mheshimiwa Beseni, maana mji wetu huu kila mtu ni mheshimiwa, na yeye beseni halikumtoka mkononi. Akaniita Redio. Nilipomwambia angalau redio inasikika, akanijibu bila kugeuka, "Ikiwa na betri." Darasa lilicheka wiki nzima. Madam alikohoa. Kikohozi kile hakikuwa changu, na bado kinaniuma.

Basi siku ile ya mvua, mabeseni yalipojaa, Madam akasema, "Mvua hii mwageni."

Hakuna aliyesogea. Kumwaga maji ya mvua Dodoma? Nyemo alikumbatia beseni lake kwa mikono miwili. "Madam," akasema, "maji hayamwagwi."

"Hii imeosha bati, Nyemo. Ina vumbi la tangu mwezi wa tano."

"Basi tumwagilie mti."

Tukaupa mwarobaini. Madam akasimama nasi barazani, maji yakimtiririka kwenye miwani, akatufundisha pale pale. Alisema mvua ya kwanza inaishia kwenye vumbi, shamba halipati kitu. Betri nayo ikichajiwa mara ya kwanza, lithiamu nyingine inanaswa kwenye ngozi ya anodi na haitoki tena maisha. Anodi ikiwa na uchafu, inameza zaidi. Ndiyo maana tunaihangaikia kabla, tunaiosha kabla, ili ikipewa, irudishe. Akatutazama mmoja mmoja kuona nani ameelewa. Alipofika kwangu nilikuwa nimeelewa kabisa, naapa, ila nilikuwa nimevaa ndoo kichwani. Akapita. Akasimama kwa Nyemo. Siku iliyofuata Nyemo akapewa kazi ya kuosha unga na ufunguo wa simtanki, akauvaa shingoni kwa uzi kama msalaba.

Niseme nini? Maganda ya mama yangu. Mgongo wangu. Ufunguo kwake.

Msemo wake mwingine, ukiacha ule wa kwangu, ulikuwa huu: "Usiniambie ni safi. Niambie umejuaje." Alimwambia kila mtu. Mpishi wa shule aliwahi kuambiwa hivyo mbele ya sufuria ya maharage, akasusa kumpikia siku kadhaa. Huu msemo ndio uliokuja kumkamata Nyemo.

Ilikuwa kidato cha tatu, Septemba, wakati ule Dodoma inakuwa na rangi moja tu. Madam alikuwa amepangiwa zamu ya tanuru chuoni mwisho wa wiki. Akiikosa, hakuna nyingine karibu, na msimamizi wake alishamwambia muda wake wa kumaliza shahada unayoyoma. Halafu akatuambia habari iliyonikosesha usingizi: anaruhusiwa kwenda na mwanafunzi mmoja. Mmoja ataingia maabara ya chuo, ataona tanuru, ataona betri ikifungwa. Nilinyoa nywele kabla hata hajamaliza kusema.

Unga ulikuwa tayari, umeoshwa na Nyemo, umekauka, uko kwenye kopo. Jumatatu hiyo mimi nilikuwa nyuma ya maabara nawaburudisha vijana wawili wa kidato cha kwanza kwa onyesho langu la zamani: Madam na Tone. Nilichukua maji yaliyokuwa yanavuja kwenye koki ya simtanki, nikadondosha juu ya luva, nikaweka mikono nyuma, nikakunja uso. Vijana wakajishika mbavu. Nikaendelea kusimama, kwa sababu utani mzuri haukatishwi, mpaka tone likakauka.

Likaacha duara.

Nilidondosha jingine pembeni. Duara. Maji ya mvua hayaachi duara. Kitu kikanipanda kutoka tumboni mpaka kwenye masikio, na kama mnafikiri ilikuwa huzuni ya kisayansi, hamnijui. Ilikuwa sikukuu. Mwenye ufunguo alikuwa mmoja.

Niliingia klabu ya sayansi mchana ule kama mbunge aliyeshika hoja. "Mheshimiwa Spika, naomba kutoa taarifa!"

"Kausha kwanza," akasema Madam bila kuinua kichwa.

"Nimeshakausha, Madam."

Akainua kichwa. Miaka yote hiyo nilikuwa naisubiri ile sura. Nikampeleka kwenye dirisha, wote wakatufuata. Akainama juu ya yale maduara, akavua miwani, akaivaa tena. Akaenda kwenye simtanki mwenyewe, akarudi na tone lake, akalidondosha, tukasubiri. Hakuna aliyecheka. Hata mimi sherehe ilianza kunipungua.

Duara.

"Nyemo," akasema Madam. "Simtanki lina nini?"

Nyemo alikuwa ameshika uzi wa ufunguo. "Maji, Madam."

"Ya mvua?"

"Ya mvua yalikuwa yamebaki chini kabisa. Nikaongeza."

"Ukaongeza ya wapi?"

"Ya kisima cha kanisani. Yale baridi. Nilichota jioni, kwa dumu."

Kila mtu anakijua kisima hicho. Watu wanapanga foleni alfajiri kwa sababu maji yake hayana chumvi mdomoni, wanayapikia chai ya wageni. Nyemo alikuwa ameyabeba kichwani jioni kwa jioni, dumu kwa dumu, hajamwambia mtu. Kule kwao mtoto anakwenda shule na daftari mkono mmoja na dumu mkono mwingine, na mtungi wa mwalimu unajazwa kabla mwalimu hajasema. Ukisubiri aseme, umemwaibisha mama yako.

"Niliona liko tupu," akasema. "Nikaona aibu liwe tupu na wewe upo."

"Ulijuaje kwamba ni safi?"

"Niliyaonja, Madam."

Madam alikaa kwenye stuli. Viganja vyake vikaenda kiunoni, mahali pake pa siku zote. Kisima kilikuwa kitamu ulimini, na kina chokaa tele, na unga wote ulikuwa umeoshwa humo. Mimi nilikuwa nasubiri radi. Nilikuwa nimeshachagua hata shati la kwendea chuoni.

"Unga huo usiumwage," alimwambia Nyemo hatimaye. "Weka kopo pembeni, liandike *kisima*." Halafu akatugeukia. "Maganda tunayo. Asidi tunayo. Mvua ni Desemba. Nani ana maji?"

Nani ana maji! Swali lilitua mezani kwangu. Shangazi yangu ni karani kwenye wizara moja kule Mtumba, na likizo moja nilikaa kwake, nikawa namsubiri nyuma ya jengo. Kule nyuma viyoyozi vinadondosha maji mchana kutwa, tip, tip, yanaingia mchangani. Serikali nzima inatokwa jasho na hakuna anayekinga.

"Madam," nikasema, "maji ya viyoyozi yanatoka wapi?"

Alinitazama kwa mara ya pili siku hiyo. "Hewani," akajibu polepole. "Ni mvuke tu unaopoa ukawa maji."

"Hewani kuna chokaa?"

Alikohoa.

Jioni ile ile nilimpigia shangazi kwa simu ya mama. "Nikinge jasho la kiyoyozi?" akauliza. "Mimi mtumishi wa umma?" Lakini shangazi ana moyo. Kesho yake aliomba ruhusa kwa mkubwa wake, akaweka ndoo safi chini ya mabomba, wenzake wakamcheka, na keshokutwa nilishuka kwenye bajaji mbele ya shule na madumu yamenizunguka kama walinzi. Madam alipima palepale getini, juu ya kioo cha pembeni cha bajaji alichokilaza. Dereva akalalamika. Tone likakauka.

Hakikubaki kitu. Kioo kilikuwa kama hakijawahi kuguswa.

Kopo likachomwa upya, maganda mapya, ya mama. Nyemo aliosha siku zile zote bila kuongea, macho mekundu, mikono imekunjamana kwa maji. Nilipita karibu yake nikamwambia, "Pole, Mheshimiwa." Akanisogezea chujio nimshikie, nikalishika, na tukafanya hivyo mpaka jioni. Lakini moyoni nilikuwa najumlisha. Maganda: kwetu. Maji: kwetu. Macho yaliyoona duara: ya kwangu. Aliyeharibu: yeye. Ijumaa asubuhi nikaja nimepiga pasi mpaka soksi.

Madam akamchukua Nyemo.

Nilimfuata mpaka kwenye gari la chuo. Sauti ilinitoka nyembamba, si ya redio kabisa. "Madam, kwa nini yeye?"

Alikuwa amepakata kopo la unga mapajani kama mtoto mchanga. "Kule kuna sanduku la kioo," akaniambia. "Hewa haiingii. Betri inafungwa humo ndani kwa glavu. Lina matundu mawili ya mikono." Akafunga mkanda. "Halina tundu la mdomo."

Nyemo alikuwa kiti cha nyuma. Akaangalia dirishani upande wa pili, lakini niliona mabega yake yanatikisika. Gari likaondoka, likaniachia vumbi. Ulikuwa utani bora kabisa aliowahi kuufanya, na alinifanyia mimi, na hapakuwa na mtu mwingine wa kuushuhudia ila mpinzani wangu. Niliingia darasani nikauzungusha moyoni siku nzima. Ukweli wake ndio ulionikera zaidi. Nyemo anaweza kukaa kimya ndani ya sanduku. Mimi ningeanza kulihutubia.

Nyemo aliporudi hakuringa. Angeringa ningepona. Aliniambia tu, "Kule ndani ukikosea, kitu hakianguki chini. Kinabaki kinakuangalia." Halafu akaniachia nusu ya andazi alilopewa chuoni, limefungwa kwenye kitambaa, limekauka. Nililila kwa hasira.

Mwaka huu Januari Madam aliondoka. Alimaliza shahada, chuo kikamchukua. Hakuaga kwa hotuba. Alikuja, akazungukia luva zake moja moja, akachukua koti, akatoka. Kwangu alisimama kidogo. Nilikuwa nimeandaa kichekesho cha kumuagia, kirefu, chenye sehemu tatu. Akanyoosha kidole kabla sijaanza. Mnajua alichosema.

Nilimwona tena likizo ya Juni.

Nilikuwa sokoni namsaidia mama, yaani nimekaa juu ya gunia nabishana na muuza vitunguu. Nikasikia mama anasema kwa sauti ya mteja wa kudumu, "Mwalimu! Leo umechelewa, nilitaka kuwapa watu wa matofali."

Alikuwa yeye, bila koti, mkoba begani, amefungua kiroba na mkono uko ndani mpaka kwenye kiwiko.

"Shikamoo, Madam."

"Marahaba. Bado unaongea?"

"Jumapili napumzika."

Akakohoa. Mama akanigeukia. "Huyu huja kila mwezi."

"Na hukuniambia?"

"Uliniuliza?"

Nikamgeukia Madam. "Na maji unapata wapi siku hizi, Madam? Hapo chuoni?"

"Mtumba," akasema huku ananusa ganda. "Nimetoka huko sasa hivi, dumu liko kwenye bajaji. Shangazi yako amenitengea ndoo ya peke yangu. Ameiandika jina langu."

Shangazi! Damu yangu! Mama anampa maganda, shangazi anampa maji, wanamkaribisha chai, na mimi niliyewakutanisha sina hata habari. Nilitaka kucheka nikashindwa. Nikauliza nilichokuwa nakiogopa.

"Betri zilikuwaje?"

Hapo uso wake ukafunguka kama zamani juu ya chujio. Akaniambia zile za unga wa mwisho bado zinatunza chaji mpaka leo. Zile za kopo lililoandikwa *kisima* zilichoka mapema, kwa sababu alizijenga pia, kwa makusudi, akaziweka pembeni ya nyingine. "Uchomaji ule ule, maganda ya meza hii hii, tofauti ni maji ya kuoshea tu. Wasahihishaji walipoona michoro miwili pamoja hawakuwa na swali. Bila kosa la Nyemo ningewaonyesha nini? Lina sura nzima kwenye kitabu changu cha utafiti."

Sura nzima. Yaani hata kuharibu kwake kulifaulu. Muuza vitunguu alinitazama akadhani nimeumwa na nge.

"Na maji yangu?" nikasema. "Yana sura ya ngapi?"

"Hayana."

"Hayana hata ukurasa?"

"Sasa ningeandika nini?" Alikuwa amefunga kiroba, anakitafutia begani mahali. "Hayakuacha kitu."

Nilikaa kimya. Nadhani kimya changu kilimshtua, maana alitua kiroba chini. Akaenda kwenye bajaji, akarudi na kijiti chake cha kioo, kimelowa. Mama ana kabati dogo la kioo anamopanga karanga za kukaanga, lina kifuniko bapa. Madam akadondosha tone moja juu yake, karibu na mkono wangu, akarudi nyuma, akaweka mikono nyuma. Kisha nadhani akakumbuka bajaji inamsubiri.

"Kausha kwanza," akaniambia, kwa sauti ambayo hakuwahi kuitumia darasani. Akabeba kiroba chake, akapotea kwenye watu.

Nikabaki nalinda tone. Nikafukuza nzi. Mteja mmoja alitaka kuegemea kabati nikamzuia kwa mkono, akaenda kununua kwa jirani. Upepo ukapita kati ya meza, tone likapungua, likawa kama punje ya mtama, likawa kama jicho la sindano.

Mama akaja na kitambaa. "Unafukuza wateja. Unatazama nini hapo?"

Nikamwonyesha kwa kidole. Akainama, akasogeza uso mpaka pumzi yake ikaweka ukungu kwenye kioo, ukungu ukatoka.

"Hakuna kitu hapa."

"Ndiyo hicho, mama," nikasema, na nikamshika mkono asipafute.